Kamera ya Chini ya Ziwa ni ya Nani?



Katika Ziwa Viktoria yuko samaki mwenye jina la Mwalimu Nyerere. Jina hilo hakupewa na wavuvi kwa utani. Alipewa mwaka 1985 na Waholanzi wawili, wataalamu wa samaki waliokuwa wakifanya kazi Mwanza, nao wakaandika wazi ya kuwa wanampa heshima Rais wa Tanzania. Leo vitabu vya dunia nzima humwita Pundamilia nyererei. Ni samaki mdogo, mmoja wa wale tunaowaita furu, hazidi urefu wa kiganja. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi.

Basi nauliza, na kila tawi liulize katika mkutano wake: ni nani kati yetu aliyepata kumwona? Picha ya Mwalimu imetundikwa katika ofisi za chama na za Serikali. Lakini samaki wa Mwalimu, azaliwaye katika maji yetu wenyewe, hatumjui. Wanaomjua ni watu wa Ujerumani, wa Uholanzi na wa Marekani, ambao humfuga katika visanduku vya kioo sebuleni mwao, wakakaa jioni kumtazama kama sisi tutazamavyo mpira. Jambo hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Siku hizi kuna chombo kiitwacho droni ya majini. Wengi mnaijua droni ya angani, ile ndege ndogo isiyo na rubani ipigayo picha za harusi. Ya majini ni ndugu yake. Ni kisanduku chenye kamera, taa na rafadha ndogo ndogo. Hutumbukizwa ziwani, na mtu aliyekaa katika mtumbwi akaiongoza huku akiona katika kioo cha simu yote yaliyo mbele yake. Kwa kuwa mawimbi ya redio hayasafiri vizuri ndani ya maji, chombo hufungwa waya mwembamba uletao picha juu, kama fahali aliyefungwa kamba asipotee. Wala si chombo cha matajiri peke yao. Katika miaka ya 2010 vijana wawili wa California, Eric Stackpole na David Lang, walianza kuuza vipande vya kujiundia droni ya namna hiyo kwa bei isiyofika dola 1,000, na michoro yake wakaiacha wazi kila mtu aisome.

Faida yake ni nini? Wavu hukuonyesha samaki aliyekufa. Haukuonyeshi alikuwa akiishi katika jiwe gani, jirani yake nani, mayai yake aliyaficha wapi. Mzamiaji naye hukaa chini muda mchache, tena katika ziwa letu ana mambo matatu ya kuogopa: mamba, kiboko na kichocho. Droni haiugui kichocho. Inaweza kupita mbele ya mwamba mmoja leo, ikarudi mwakani mwezi ule ule, ikatuambia nani bado yupo na mgeni gani amehamia.

Mimi ni mtu wa Piyaya, Wilaya ya Ngorongoro, nchi ya nyasi na vumbi, ambako wazee wengi hawajapata kutia samaki kinywani wala hawatamani. Najua atatokea ndugu wa Mwanza aniulize: wewe mfugaji, ziwa lakuhusu nini? Lanihusu. Mto Grumeti na mto Mara hupita Serengeti, jirani kwetu, na yote miwili huishia katika ziwa hilo. Tena nimesomea ualimu, na mwalimu huulizwa na watoto wa nchi nzima. Lakini liko jambo kubwa zaidi. Sisi watu wa Ngorongoro tunaijua kamera kuliko Watanzania wengine wote, na tunayo haki ya kuwaonya wenzetu wa ziwani.

Mwaka 1958 alikuja Serengeti Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael, wakiwa na ndege ndogo waliyoipaka milia kama punda. Waliruka juu ya nchi wakihesabu wanyama, wakapata zaidi ya 350,000, na huku wakipiga filamu. Michael alikufa Januari 1959 ndege ilipogongana na tumbusi. Msiba ni msiba, hatucheki. Filamu ikatoka mwaka huo huo, ikapewa tuzo ya Oscar mwaka 1960, na mamilioni ya Wazungu wakaitazama.

Sitaisingizia filamu. Mkataba wa kuwaondoa Wamasai katika Serengeti ulikuwa umekwisha tiwa sahihi mwaka 1958, wazee 12 wakaweka alama zao chini ya karatasi ya Mwingereza, na filamu haikuandika mkataba ule. Kazi iliyoifanya filamu ni nyingine. Iliwafundisha watu wa Ulaya namna ya kuitazama nchi hii: kutoka juu, nyumbu tele, na mtu kama doa juu ya nguo nyeupe. Namna hiyo ya kutazama haijawatoka vichwani mpaka leo, miaka zaidi ya sitini. Kila linapozuka jambo la ardhi huku kwetu hatubishani na watu, twabishana na picha. Na picha haichoki, haizeeki, wala haitoi nafasi ya kujibu.

Kamera ya juu ilitutangulia. Je, hii ya chini nayo itutangulie?

Tazameni sasa jinsi ziwa lilivyoamuliwa na watu wasiolitazama. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alizunguka Ziwa Viktoria akichunguza uvuvi, kwa sababu ngege walikuwa wanapungua katika nyavu. Katika taarifa yake alionya ya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa. Mabwana wakaisoma, wakaifunga kabatini. Ilipofika miaka ya 1950 mabwana wengine, wa idara ya uvuvi ya Uganda, wakaona ya kuwa ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba, wasiofaa mezani kwa bwana. Wakawaita takataka. Kwa hesabu yao takataka hiyo ingeliwa na samaki mkubwa, na samaki mkubwa angeliwa na watu, tena angefaa kwa mchezo wa ndoana siku ya Jumapili. Samaki huyo ni sangara, kutoka Ziwa Albert.

Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, aliandika waziwazi kulipinga shauri hilo. Alichelewa. Sangara alikwisha kuingizwa chini kwa chini katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1962 na 1963 aliongezwa tena kwa idhini. Mvuvi wa Ukerewe aliulizwa? Mama wa Musoma aliyekuwa akikausha furu na kulishia watoto wake aliulizwa? Kile chakula cha maskini ndicho kilichoitwa takataka na mtu aliyekuwa na nyama kila siku.

Kwa miaka kama ishirini sangara alikaa kama hayupo. Upande wetu wa Tanzania alifumka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ziwa lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, kila aina na kazi yake: huyu anakula konokono, yule anakwangua ukoga juu ya mawe, mwingine anakula mayai ya wenzake. Aina zipatazo 200 hazikuonekana tena. Kabla ya hapo furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Katikati ya miaka ya 1980, katika sehemu zilizopimwa, hawakufika asilimia 1. Nchi ingepoteza aina 200 za ndege angani, magazeti yangelia. Hizi zilipotea chini ya maji, hakuna aliyeziona zikienda, na nyingi hazikuwa na jina kwa lugha yoyote.

Wala tusijitakase. Baada ya Uhuru nasi tulilirithi lile neno takataka pamoja na viti vya ofisi. Katika miaka ya 1970 kilijengwa Mwanza kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo. Kasumba ya namna hiyo haiondoki kwa kubadilisha bendera tu.

Na sangara nisimwite shetani. Amesomesha watoto, amejenga nyumba za bati, na tangu viwanda vya minofu vilipofunguliwa miaka ya 1990 ameiletea nchi fedha za kigeni. Leo hata mvuvi aliyemlaani anamwomba Mungu asipungue. Ninachokataa ni ule mtindo wa kuamua: mabwana wachache wanakaa chumbani, wanamwaga debe la samaki ziwani, na vizazi vitatu vinalipa.

Mtindo huo haujafa. Sato wa mto Nile, ambaye naye aliletwa Ziwa Viktoria zama za mkoloni na kumsukuma ngege pembeni, amemwagwa katika mabwawa na mito ya nchi hii kana kwamba kila samaki ni samaki tu. Mwaka 2019 wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha taarifa iliyoonyesha jinsi perege wageni walivyoenea katika mabonde ya mito ya Tanzania. Mgeni huyo hana haja ya kumla mwenyeji, humwoa. Watoto wao wakawa machotara, na baada ya miaka mwenyeji hayupo. Hapa jirani, Karatu, Ziwa Eyasi lina perege wake anayestahimili maji ya chumvi, aitwaye na wataalamu Oreochromis amphimelas, na Manyara anapatikana pia. Ziwa Natron nalo lina visamaki vyake vinavyoishi katika maji ya magadi yenye moto. Bwana Samaki atakayekuja na ndoo ya vifaranga vya sato katika vijito vya kwetu aulizwe kwanza: kilichomo humo umekitazama?

Gugu maji mnalijua, sitapoteza wino. Lilitoka Amerika ya Kusini kwa ajili ya maua yake mazuri, likaonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba mialo hata mitumbwi ikakwama, na mpaka wadudu wa kulila walipofunguliwa, kuanzia Uganda mwaka 1995, halikuwa na mshindani. Sasa yuko ndugu yake, salvinia, kutoka Brazil. Chini ya zulia la magugu hayo ni giza na hewa haitoshi; kamongo na kambale huvumilia, wengine hukimbia au hufa. Mtumbwi hauwezi kupita pale. Droni yaweza kuingia pembeni ikatazama, ingawa mwendeshaji asiyejua kazi atanasa rafadha katika mizizi na kuvuta waya kutwa nzima.

Turudi kwa samaki wa Mwalimu, maana habari yake inashangaza. Yeye hukaa katika miamba, na mianya ya miamba imemkinga na meno ya sangara. Pale mwambani ana jirani, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu. Majike wa aina hizi mbili hufanana sana, nao huchagua waume kwa rangi. Maji yakiwa meupe, kama kisiwani Makobe katika Ghuba ya Speke, jike wa mwekundu humwendea mwekundu na wa buluu humwendea wa buluu. Maji yakiwa ya tope, kama kisiwani Luanso ndani ya Ghuba ya Mwanza, rangi hazitambulikani, wakachanganyika, na aina mbili zilizo tofauti huzikuti tena. Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte waliyaeleza mambo haya ya rangi na tope katika jarida la Science mwaka 1997, na Seehausen na wenzake wakaendelea katika Nature mwaka 2008.

Mwaelewa maana yake, ndugu zangu? Samaki wa Mwalimu aliyeokoka meno ya mgeni anafutwa na maji machafu. Tope hilo linatoka nchi kavu: mashamba yasiyo na matuta, maji machafu ya miji, mbolea inayolisha ukoga. Linatoka pia katika kwato za ng'ombe wanaokanyaga kingo za mito, nasi wafugaji tusijifiche nyuma ya wakulima.

Habari hizo zote nimezisoma katika lugha ya Kiingereza. Samaki wenyewe, waliovuliwa Ghuba ya Mwanza na kikosi cha utafiti cha Waholanzi kilichoanza kazi mwaka 1977, wamehifadhiwa kwa wingi ndani ya chupa katika jumba la makumbusho la Leiden. Siwalaumu waliowahifadhi. Laiti wasingefanya hivyo, tusingejua hata kilichopotea. Lakini mtoto wa Sengerema anayetaka kumwona furu wa babu yake apande ndege kwenda Uholanzi?

Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu juu ya sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare. Ikazunguka dunia ikionyesha mapanki, watoto wa mitaani na ndege za mizigo, na ikadokeza habari za silaha. Rais Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006, na watu wakaandamana Mwanza. Iwe ilisema kweli au ilipotosha, hayo yalibishaniwa vya kutosha. Mimi naona aibu nyingine: maandamano yalikwisha, mabango yakatupwa, na hakuna aliyesema, basi tushike kamera yetu tuonyeshe ziwa letu. Kelele haijibu filamu. Filamu hujibiwa kwa filamu.

Bunge lilijaribu dawa yake mwaka 2019, liliporekebisha ile sheria ya filamu ya 1976 na kumtaka mtengenezaji mgeni aiachie Bodi ya Filamu nakala ya alichokipiga. Vyema. Lakini nakala iliyolala katika droo ya Dar es Salaam yamfaa nini mvuvi wa Ukara? Tena sheria humkuta mtu akiwa amekwisha piga. Kuitazama nchi kwa jicho la mgeni halafu kumdai nakala ni sawa na kukopa macho.

Nisemalo mimi ni hili. Chuo cha uvuvi cha Nyegezi kifundishe kuunda, kutengeneza na kuendesha droni za majini, si kuzipokea zikiwa katika kasha na kuzipigia picha na mgeni rasmi. Vikundi vya BMU vya mialo vipewe zao, walau moja kwa mialo kadhaa, na mwendeshaji awe mvuvi, kwa sababu mvuvi anajua kila mwamba ulipo na upepo gani unachafua maji. TAFIRI Mwanza itunze picha zote mahali pamoja, na shule yoyote ya nchi hii iweze kuziona bila kulipa. Maneno ya picha yawe Kiswahili. Wazee wa ziwani wanayo majina: furu, ngege, ningu, gogogo, hongwe, domodomo. Mtaalamu aweke jina lake la Kilatini chini, dogo. Mgeni akija na droni yake, karibu, lakini mtumbwini akae na kijana wa mwalo ule, na picha ibaki mwaloni kabla haijapanda ndege.

Yupo atakayesema maji ya ziwa ni ya tope, droni itaona ukungu tu. Ni kweli katika sehemu nyingi za Ghuba ya Mwanza, na Eyasi ndiyo usiseme, ni kama maziwa. Basi tuanze na miamba ya maji meupe. Na pale penye tope, ukungu wenyewe ni ushahidi: piga picha jiwe moja kwa umbali mmoja kila mwaka, na siku jiwe lisipoonekana utakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza ya mkuu wa wilaya, kitu asichoweza kukiita maneno ya wachochezi. Kadhalika kokoro linalokwangua mazalio ya sato usiku likipigwa picha, hakuna haja ya kubishana mahakamani.

Yupo mwingine, huyu ndiye anayenikasirisha, atakayesema wananchi hawana madawati wala dawa, nawe unataka mchezo wa kamera. Nilikwisha kusikia maneno hayo yakisemwa na mtu mzima mwenye gari la Serikali ambalo bei yake ingenunua droni za kutosha mialo yote ya mkoa. Viwanda vya minofu vinaendeshwa na ziwa, kodi inatoka ziwani, dagaa wa watoto wa shule wanatoka ziwani. Mfugaji asiyehesabu ng'ombe wake kwa kuwa hana fedha ya kununua kiatu, huyo tumwiteje?

Tawi letu la Piyaya limekwisha andika hoja yake kwa mkutano wa wilaya. Tunataka chama kiwaombe ndugu wa Mwanza na Mara wapige picha miamba ya Makobe, mvuvi aeleze kwa sauti yake kinachoonekana, na picha hiyo izungushwe katika matawi ya nchi nzima, hata ya watu wasiokula samaki. Piyaya jenereta tunayo, na shuka jeupe la kutundika ukutani kina mama wamekwisha ahidi. Wazee wameniuliza jambo moja tu, kama yule mwekundu ni dume au jike.